Kaseti ya Visima vya Nyanya

Jumatatu, 6 Oktoba
Zamu ya asubuhi, usukani wa basi la Perry Barr. Mvua. Abiria mmoja kanigombeza kwa sababu ya foleni, kana kwamba nimeipanga mimi. Nyumbani Nechells, huku ughaibuni, chai, halafu kanda za kaseti tulizokuwa tukitumiana na jamaa badala ya barua. Leo nimenakili tatu kwenye kompyuta: harusi, harusi tena, na mwanamume anayeomba atumiwe viatu. Binamu yangu Abdi amefungua chumba cha kumbukumbu huko Wajir na anataka kila sauti ya zamani. Viatu pia atavipata.

Jumatano, 8 Oktoba
Abdi kapiga simu. Visima vya zamani vya ukoo wetu vimefukiwa na mchanga, na hakuna aliyebaki anayejua nani alichimba kipi. Wazee wote wametutoka. "Lakini Nyanya aliyasema yote kwa kaseti, akaituma huko kwenu. Mama yako ndiye aliipokea. Hebu itafute, dada, please, usinilet down."

Nyanya! Sijawahi kusikia sauti yake. Nimeunguza wali kwa furaha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Shard End, kwa Mama. Nilipekua makabati mpaka akanifokea. Kisha akaketi, akaniambia. Kaseti haipo.

Siku zile ukiletewa kanda kutoka nyumbani, mnaisikiliza wote, halafu unarekodi jibu juu yake na kumpa msafiri airudishe. Kila mtu alifanya hivyo. Kwa hiyo Mama aliifuta sauti ya mama yake kwa sauti yake mwenyewe. Alidhani nyingine itakuja. Haikuja. Nyanya alifariki.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani. Mama hakunisindikiza hadi mlangoni.

Jumapili, 12 Oktoba
Abdi ameiona kaseti! Ilikuwa sandukuni kwa mama yake, jina la Mama juu. Nilimwambia aiache hapo. Sauti ya Mama ninaisikia kila siku, tena ikinilalamikia.

Baadaye nikampigia Mama kumpa habari. Akanicheka. Kumbe sijui lolote. Mtu akikuletea ujumbe, huanzi kujibu. Kwanza unaurudia wote, neno kwa neno, ili aliyeutuma ajue umefika mzima. Hivyo ndivyo walivyolelewa malishoni, ujumbe ukisafiri kwa mdomo. Mama aliurudia wote kwenye kaseti ile, ndipo akaanza mambo yake.

Nimeruka jikoni kama mtoto. Jirani wa chini amegonga dari. Agonge.

Jumanne, 14 Oktoba
Tabu. Kanda imekaukia kwenye joto la miaka yote hiyo. Abdi anaogopa itakatika ikizungushwa. Huenda ikacheza mara moja tu. Nimemwambia asiiguse. Halafu nikamwambia aicheze. Halafu asiiguse. Amekata simu.

Nimekipita kituo kimoja leo bila kusimama. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akitaka kushuka alinisema hadi mwisho wa safari. Alikuwa na haki.

Alhamisi, 16 Oktoba
Imecheza! Imekatika karibu na mwisho, lakini visima vyote vimo. Abdi alikuwa akinirekodia huku akilia, pua yake inasikika. Kila kisima na mchimbaji wake, na mwaka wa ukame walipowafungulia wageni maji. Nimemkumbatia msimamizi wetu kituoni. Alishtuka, maskini.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimempelekea Mama rekodi kwenye simu yangu. Sauti yake ya usichana, nyembamba, haraka. Kila baada ya kisima kimoja anakohoa kidogo. Nikasema pole, ulikuwa na mafua. Akatikisa kichwa. Hakuwa mgonjwa. Nyanya ndiye aliyekuwa akikohoa hivyo anapozungumza, na kwa kuwa ujumbe hurudiwa wote, Mama aliurudia pamoja na kikohozi cha mama yake.

Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, hapo pa kukohoa. Nimerudisha. Tumeketi tukisikiliza mpaka chai ikapoa.