Kamba ya Chemchemi

Jumatatu, 3 Machi
Tumesafisha chemchemi tena. Akina mama tisa, majembe manne, umbea wa kutosha. Mtaro umezibuliwa, bomba linatoa maji safi. Mzee Ombati, jirani, amepita na ng'ombe wake. "Madam mwenyekiti, leo kamba iko wapi?" Hajanisamehe. Kamba ya kamati inafungwa kwenye ukuta wa chemchemi na kuvutwa kupanda mlima. Pale inapofika, hakuna choo, hakuna kaburi. Mwaka jana ilifika alipotaka kumzika mkewe, na kipande kikabaki. Akamzika juu, kwenye shamba lake la chai. Tangu hapo hanisalimii mimi, anasalimia kamba.
Mama, bado mgonjwa kitandani, hakula. Anasema chai haina ladha. Chai haina kosa.

Jumanne, 4 Machi
Mama ameongea. Jambo ambalo hajawahi kuligusa tangu nikiwa mdogo.
Tuliugua wawili, mimi na dada yangu Kemunto. Kuhara, kutapika. Maji ya chemchemi hii hii, enzi ambazo watu na ng'ombe walikunywa shimo moja. Barabara matope matupu, gari hakuna. Mgongo wa Mama ulikuwa mmoja. Akanibeba mimi hadi hospitali, Nyamira. Kemunto akabaki na nyanya. Tuliporudi, mimi nikiwa hai, Kemunto alikuwa ameshazikwa chini kwenye migomba.
Watu hudhani kazi hii ya maji niliipata kwenye semina.
Leo kasema, "Nilikuchukua wewe kwa sababu ulikuwa mwepesi." Basi. Mwepesi. Nilikuwa nimejiandalia sababu nzuri zaidi.
Halafu: "Mnilaze kando yake. Nisimwache mara ya pili."
Nikajibu, "Nimesikia, Mama." Sikusema nimekubali. Ujanja wangu haukomi hata kitandani pa mama yangu. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Mama amefariki asubuhi, kabla ya chai. Moyo, wamesema.
Nimekunja blanketi lake mara tatu. Halikunjiki vizuri.

Jumapili, 9 Machi
Kikao cha mazishi. Kaka yangu Nyakundi amekuja kutoka Kisii, na viatu vya Kisii. Ndiye mkubwa, ndiye wa kuamua, lakini kaniachia mimi mbele ya watu wote. "Moraa, kamati ni wewe. Sema neno moja tu, Mama apate alichoomba."
Nikataja kamba. Mama mdogo, dadake Mama, akasimama. "Kwani dada yangu ni choo?"
Hakuna aliyecheka. Mimi nilikaribia. Mama angecheka hadi ashike mbavu.
Nikaomba siku mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepima peke yangu. Mara tatu. Nimevuta, nimelegeza, nimeanzia hata upande wa pili wa ukuta, kama mwizi. Kamba inapita kaburi la Kemunto na kubakisha kipande cha kufungia mbuzi.
Kemunto alitangulia sheria. Amesamehewa. Mama hajatangulia chochote.
Ningemlaza pale, nani angeniuliza? Wangenielewa wote. Mwezi ujao mwingine angekuja na mzee wake, na mwingine na choo chake, nami ningewaelewa. Watoto wangeendelea kuja na madumu. Hao hawapimi kitu, wanakunywa tu.
Na Ombati. Ningemwangalia vipi?

Jumanne, 11 Machi
Nimewaambia. Juu, kwenye chai yetu, mpakani na Ombati.
Nyakundi ameondoka bila kuaga. Mama mdogo hakupiga kelele. Heri angepiga. "Alikubeba hadi Nyamira. Wewe umeshindwa kumteremsha hadi kwenye migomba."
Imeingia. Haitatoka.

Alhamisi, 13 Machi
Tumemzika Mama.
Ombati alifika alfajiri na jembe, wa kwanza kabla ya vijana. Nikakaza roho, nikingoja neno la kamba. Akasema tu, "Udongo wa huku juu ni mgumu. Nilijifunza mwaka jana." Akachimba hadi kiunoni, akikohoa, akikataa kupokewa jembe.
Mchungaji alihubiri kuhusu maji ya uzima. Sikuweza kuinua macho.
Nyakundi alisimama upande ule mwingine wa kaburi. Hatujasemezana.
Nilimwomba Mama msamaha kimyakimya. Hakuna kilichojibu. Sikutarajia, lakini nilingoja.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepanda kwa Mama mapema. Umande. Maua ya jana yamelala.
Migomba mitatu ya katikati ya mteremko imekatwa. Panga kali, mkono unaojua kazi. Migomba yangu. Mmoja ulikuwa na mkungu, nao nimeukuta umeegemezwa mlangoni pangu.
Nimekaa pale kaburini nikaangalia chini. Hakuna kinachozuia. Unaona moja kwa moja hadi kwa Kemunto.
Ombati amepita na ng'ombe, panga kwapani. Kutoka kaburini kwa mkewe pia kunaonekana mbali, alishawahi kuniambia, lakini kwa hasira. Leo kasema, "Moraa, umeamkaje?"
"Nimeamka, Baba."
Ya migomba sikuuliza.
Nimechukua dumu nikateremka kuteka maji. Njia ina mwanga kuliko nilivyozoea.