Salamu za Sultani wa Kabiria

Kwa Makau fundi viatu,
Kabiria, Nairobi.
9 Julai 1977

Mpendwa mpwa wangu Shamsudin,

Assalam alaykum. Hujambo wewe, na dada yangu Mabruka hajambo? Lile goti lake limepoa? Mimi namshukuru Mungu, ila kifua kinabana. Baridi ya huku mwaka huu si mchezo. Juzi, wallahi, chai iliganda kikombeni nikaitafuna kama mkate.

Barua yako nimeipata. Ukurasa wa kwanza nimeusoma mara moja. Wa pili mara saba, pale uliposema jirani yenu Bi Saleha yu kitandani na madaktari wamekata tamaa.

Nilikuhadithia zamani kwamba mwanamke huyo alinililia mpaka mji mzima ukasikia. Nilikudanganya, mwanangu.

Tulikua pamoja nyuma ya maduka ya Mtaa wa Biashara, tukasoma Kurani kwa baba yake. Mwaka wa uhuru mimi nilikuwa nimeshahamia huku Kabiria. Kukatoka wimbo wa gitaa, unaitaja mitaa yetu ya mjini mmoja mmoja, na mwimbaji anamuuliza mpenzi wake walipotezana wapi. Basi kila wiki nikapeleka kadi ya salamu redioni, wimbo ule ule, kwa Saleha, kutoka kwa Sultani wa Kabiria. Jina langu nililiona dogo.

Siku moja nikamkuta mlangoni kwao. "Mabruki, wewe unayejidai kumjua kila mtu, huyu Sultani ni nani?"

Mdomo huu! Nikamwambia, "Sahibu yangu huyo. Ana magari matatu, na shamba lake lafika Mutuini."

Akacheka. "Magari ya nini? Mwambie aje kwa baba kabla ya Ramadhani. Mimi nimeshampenda."

Ningekwendaje, Shamsudin, na baiskeli ya kuazima? Nikasema ningoje nipate japo gari moja. Ramadhani ikapita, na ya pili ikapita. Mwaka wa tatu wakamwoza huko Mombasa. Dada yake, Kijakazi, aliniambia Saleha aliondoka analia kwamba Sultani amemdharau.

Siku hizi wimbo ule ukipigwa hotelini natoka nje, chai naiacha mezani. Mjini siendi ila kwa lazima.

Nenda kwake leo, usingoje Ijumaa. Mwambie hakuna aliyemdharau. Sultani alikuwa ni Mabruki, akasema uongo, kisha akaona haya. Kama hasikii tena, mshike mkono umwambie hivyo hivyo. Na kama mmeshamzika, usiniletee telegramu. Niandikie barua, ichelewe njiani.

Nisalimie mama yako, na Kijakazi ukimwona. Mola akupe umri na ulimi mwepesi wa kusema kweli.

Mjomba wako, asiyekutoa moyoni,
Mabruki bin Mbarak