Jumatatu Mwalimu Anakwenda Kukiri Kosa Langu

Mama mshauri, shikamoo. Nakuomba unishike mkono maana nimefika mahali sioni mbele wala nyuma, na barua hii naiandika mchana kweupe nikiwa nimejifungia stoo ya gereji yangu, nawasikia wenzangu wanagonga bati nje na Mwalimu anawauliza niko wapi.

Mimi ni fundi wa magari ya kizamani ya Kiingereza, yale ambayo boliti zake hupimwa kwa inchi na si kwa milimita, ndiyo maana watu wananiita Inchi, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mitatu, nilifundishwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa mkali kama pilipili, na si kujisifu, mtu akiwa na gari la aina hiyo limemshinda, kabureta zinagombana au waya za umeme zimemchosha, ataelekezwa kwangu. Mwalimu ni mteja wangu wa siku nyingi, mzee mstaafu wa miaka sabini na minne, ana gari dogo la kijani lisilo na paa, viti viwili tu, alilinunua bovu akiwa kijana akalifufua kwa mikono yake, na mkewe alikuwa analiita mke mwenza, kila wakija gereji ananiambia, "Fundi, huyo mwenzangu leo anaumwa nini?" na sote tunacheka.

Sasa mama, univumilie nikueleze jambo la kifundi kidogo, maana balaa lote limekaa hapo. Gari lile lina magurudumu ya spoku, na gurudumu halifungwi na nati nne au tano kama magari ya siku hizi, linafungwa na nati moja kubwa ya katikati yenye masikio mawili, unaigonga kwa nyundo ya shaba mpaka ikaze. Za kushoto zinakaza kama nati yoyote, za kulia zinakaza kinyume, kama pedeli za baiskeli ambazo nazo zina upande mmoja wa kinyume, na sababu yake ni kwamba gari likitembea nati zinazidi kukaza. Nati hiyo inashika kwenye habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, na ukifunga habu ya kulia upande wa kushoto na ya kushoto upande wa kulia, kila kitu kitakubali, gurudumu litakaa, nati itakaza, ila kadiri gari linavyokwenda ndivyo nati inavyojifungua yenyewe. Mjomba alinifundisha nifungue upande mmoja, niumalize, ndipo niguse wa pili. Akikuta habu mbili zimelala chini pamoja alikuwa anarusha spana, na hakuwa anaangalia inamwangukia nani.

Mwezi wa tatu Mwalimu aliniletea gari nibadilishe beringi za nyuma, na alikuwa na haraka kwa sababu binti yake mkubwa alikuwa amejifungua na wazee walitaka kwenda kumwona mjukuu kwa gari lao wenyewe, basi nikazifungua habu zote mbili asubuhi moja, nikazitia kwenye karai moja la mafuta ya taa, nikaziosha, nikazipanga juu ya gazeti, simu ikaita, nikaongea, nikarudi, nikafunga. Magurudumu nikamwachia mnyoosha bodi wetu ayarudishe, naye hajui habari za kulia na kushoto, inakokaza nati ndiko anakogonga, na ile mishale iliyo juu ya nati ya kuonyesha upande wa kufungulia ilikuwa imefutika zamani kwa kusuguliwa na kupakwa nikeli. Ilikuwa bahati mbaya, mama. Siku nne baadaye Mwalimu akapita tumkazie nati, mnyoosha bodi akagonga, akaniita, "Inchi, mbona za nyuma zimelegea?" nami nikiwa chini ya gari jingine nikamjibu bila hata kutoa kichwa, "Gonga, hiyo ni kawaida ya gari lililofunguliwa." Mwalimu akanipungia mkono akaondoka.

Jumapili yake gurudumu la nyuma la kulia lilitoka mteremkoni, gari likajipigiza kwenye ukingo wa daraja, mkewe, mama wa watu, akafa palepale. Mwalimu alivunjika mbavu akaumia kichwa, na hakumbuki chochote tangu walipotoka kituo cha mafuta. Gurudumu lilikutwa mtaroni, askari wakaandika kwamba liling'oka baada ya kugonga ukingo, wakaandika dereva mzee, uzembe. Na Mwalimu naye amejiaminisha kwamba alisinzia. Watoto wake nao wameamini hivyo hivyo, na yule binti mkubwa, mama wa yule mtoto waliyekuwa wanakwenda kumwona, hampi baba yake shikamoo tangu siku ya mazishi, akija nyumbani anampita sebuleni kama anavyopita kiti.

Gari lilipoachiwa na polisi Mwalimu alilileta kwangu, akasema anataka lifufuliwe lisimame tena kwa ajili ya mkewe. Siku ya kwanza ya kulifungua nilianza na gurudumu la nyuma la kushoto ambalo lilikuwa bado limeshika, nikagonga nati kuelekea upande wa kufungulia, badala ya kufunguka ikakaza. Nikagonga tena, ikazidi kukaza. Mama, mkono ulijua kabla ya kichwa, nyundo ikaniponyoka, na Mwalimu akaniuliza, "Umejiumiza, fundi?" Nikasema ndiyo. Alipoondoka nikazitoa habu zote mbili nikazirudisha kila moja mahali pake, nikasafisha, nikapaka grisi.

Tangu hapo ni miezi mitatu. Kila siku anakuja, anakaa juu ya kreti, anaosha boliti kwa brashi ya meno, anazipanga kwa ukubwa, halafu katikati ya kazi ananiuliza, "Fundi, wewe unanijua ninavyoendesha. Hivi kweli nilisinzia?" Nami nasema, "Mwalimu, tuombe Mungu tu." Juzi ameniambia, "Wewe peke yako hujanihukumu," nikajidai natafuta spana nikaenda nyuma ya gereji. Amekonda, shati linamning'inia. Jumatatu ijayo anasimama mahakamani, na amekataa wakili, anasema atakiri kosa aadhibiwe apumzike.

Nilipomweleza mke wangu alisema maji yakimwagika hayazoleki, tuna watoto wanne, gereji ikifungwa tutapika spana? Mnyoosha bodi naye anasema ajali haina kinga, gari la miaka sitini lijilaumu lenyewe, na zaidi anajiogopea, maana nati alizigonga yeye. Mimi si mtu mbaya, ni bahati mbaya iliyonikuta. Kwa hiyo naomba unishauri, nimalize kwanza gari, nimkabidhi likiwa zima, halafu nimweleze taratibu moyo wake ukiwa umepoa, au ninyamaze kabisa kwa kuwa mwenyewe ameshakubali na kwa umri ule mahakama haiwezi kumfunga? Kulala silali. Nisaidie, bahati mbaya hii itaniua.

Inchi, wa gereji ya spoku

*

Marahaba, Inchi.

Barua yako nimeipitisha mbele ya barua nyingine zote, na kabla ya kuichapisha nilikaa nayo siku mbili nikijiuliza kama ni ya kujibiwa au ya kupelekwa polisi. Nimeamua kuijibu kwa sababu leo ni Jumatano na bado una siku nne za kujipeleka mwenyewe. Nimekupigia pia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, mara tatu, hukupokea. Basi soma hapa.

Mimi magari siyajui. Tairi ikinipasukia huwa nasimama pembeni nikiita watu. Lakini ulivyonieleza habari ya nati zako nimeelewa neno kwa neno, na nimeona unajua kueleza. Kwa hiyo usiniambie kwamba umekosa namna ya kumweleza mtu aliyefundisha maisha yake yote.

Nikupe pole kwanza, maana unaistahili. Mtu kukaa kila siku na mzee anayemwoshea boliti, akijua anachokijua, ni adhabu ambayo hakuna hakimu angekupa. Na lile kosa la mwezi wa tatu ni la mikono: simu iliita, habu zilifanana, fundi yeyote mwenye haraka yangemkuta. Kwa hilo sikutukani.

Ila umeniandikia "bahati mbaya" mara tatu, na neno hilo nakunyang'anya. Mnyoosha bodi wako anasema ajali haina kinga. Ajali hii ilikuwa na kinga, Inchi! Mjomba wako alikurushia spana miaka mingi ili uwe na kinga hiyo. Halafu kinga ya pili ikakujia kwa sauti, "mbona zimelegea?", nawe hukutoa hata kichwa. Na siku ulipozirudisha habu mahali pake ukapaka grisi, hapo hapakuwa na haraka wala simu. Hapo mikono ilifanya ilichoagizwa na kichwa. Hilo ndilo kosa lako kubwa, na umelifanya juu ya mwili wa mwanamke aliyekuwa anakutania.

Unaniuliza umalize gari kwanza. Gari la nini? Mzee anakufa mbele yako kidogo kidogo, wewe unampigia rangi! Unadhani akishakiri, akaenda jela au akarudi nyumbani na aibu, binti yake hamwamkii, ndipo moyo wake utakuwa umepoa? Utakuwa umepoa, ndiyo, kwa sababu tutakuwa tumeuzika. Na hilo la kwamba "mwenyewe ameshakubali" usilirudie mbele ya mtu yeyote. Amekubali kwa sababu mtu anayejua ukweli anamwambia amwombe Mungu.

Mkeo namwelewa, anahofia watoto. Mwambie hivi: watoto wanne wa fundi aliyesema ukweli wanaweza kulala njaa kwa muda. Wa fundi aliyemwacha mzee wa watu afungwe kwa ajili yake watasikia habari hiyo siku moja, maana mnyoosha bodi anajua, na mtu mwenye hofu hafungi mdomo milele. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa sikiliza la kufanya. Gari lile usiliguse tena, hata skrubu. Lifunike turubai liache lilivyo, maana wataalamu watataka kulitazama, na alama za gurudumu kujichezea juu ya habu haziondoki kwa mafuta ya taa, hilo nimemwuliza fundi mwenzako ninayemwamini bila kumtajia jina. Kesho asubuhi tafuta wakili. Si wa kukusaidia kujificha, ni wa kukuandikia maelezo yasiyopindishwa, tarehe kwa tarehe, pamoja na ile ya kuzirudisha habu, ambayo najua ndiyo utakayotaka kuiruka. Mnyoosha bodi umtaje kwa haki: aligonga, akauliza, ukamjibu wewe. Maelezo hayo yawe mikononi mwa askari wa usalama barabarani na kwa mwendesha mashtaka kabla ya Ijumaa jioni. Yatakayokupata baada ya hapo utayapokea, na siwezi kukudanganya kwamba yatakuwa mepesi.

Lakini kabla ya askari, nenda kwa Mwalimu, na usimsubiri aje gereji kwako. Nenda nyumbani kwake na umwombe yule binti mkubwa naye aje akae. Atakataa, mwombe tena, piga magoti ikibidi. Ni lazima asikie na yeye, kwa mdomo wako, siku hiyo hiyo, kwa sababu Mwalimu akija kumweleza mwenyewe ataona baba anatafuta wa kumsingizia. Usianze na mjomba wako, usianze na mishale iliyofutika. Anza na hili: "Mwalimu, hukusinzia. Gurudumu nililifunga vibaya mimi, na nimejua kwa miezi mitatu." Ukimaliza, nyamaza. Anaweza kukulaani, binti anaweza kukupiga. Kaa hapo hapo mpaka uambiwe uondoke.

Na msamaha usiuombe siku hiyo. Nakujua, machozi yatakuja na ulimi utakuwa unakuwasha. Ung'ate! Ukilia mbele yake mzee yule atakunyanyua akubembeleze, ndivyo alivyo, umenionyesha mwenyewe katika barua yako. Mwache kwa mara ya kwanza amlilie mkewe bila kujilaumu.