Inakohoa Mara Mbili

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeichukua pikipiki ya Badru. Mjomba wake ndiye aliyeniuzia, tukaandikiana mbele ya mashahidi, mambo ya halali. Ilikuwa imefunikwa gunia tangu Mei, tangu mwenyewe alipofariki. Homa siku tatu, basi. Mtu aliyekuwa anavuka maji ya mafuriko na abiria wawili na kiroba cha mpunga, kaenda na homa.

Pikipiki yenyewe vurugu tupu. Badru alikuwa haachi kitu kama kilivyotoka dukani. Usukani kaunyanyua. Kiti kakirefusha kwa kipande cha godoro. Bomba la kuvutia hewa kalipandisha mpaka usawa wa tangi, ili maji yasiingie. Na ekzosi — hiyo kaikata mwenyewe, uani kwa mama yake, akaitoboa matundu. Ukipiga kiki inakohoa kwanza mara mbili, kho, kho! Halafu ndiyo inavuma. Barabara nzima ya Mtunda ilikuwa inajua nani anakuja.

Mpira wa nyuma wa kuzuia matope umeandikwa DUA YA MAMA kwa rangi nyekundu. Hemedy, mwenyekiti wetu wa kijiwe cha bodaboda, kanikumbusha nisifute. Maandishi ya marehemu yanaachwa mpaka yajifute yenyewe kwa vumbi. Ndiyo desturi yetu. Na anayechukua pikipiki anachukua na zamu: safari ya Mtunda ya saa sita mchana sasa ni yangu.

Desturi tunazo nyingi sisi. Dereva akifa tunazima injini zote barabarani, tunasukuma mpaka uwanjani kwao. Kwa Badru zilisukumwa pikipiki thelathini na moja. Nilihesabu, sikuwa na la kufanya.

Sabra kasikia mlio, katoka jikoni na mwiko mkononi. Kauliza: mume wangu, umenunua pikipiki au mashine ya kukoboa?

Jumatatu, 4 Agosti

Safari ya kwanza ya Mtunda. Abiria: Emmy, muuguzi wa zahanati, mteja wa Badru wa siku zote.

Nyumba ya nne baada ya kalvati ni kwa Bi Mwajabu, mama yake Badru. Tulipopita alikuwa keshafika barabarani. Kanga hata hajaifunga vizuri, kaishika kwa mkono. Nikampungia. Hakunipungia. Alikuwa haniangalii mimi, anaiangalia pikipiki.

Vumbi likamfunika. Sikusimama.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Mwajabu kila siku anatoka. Leo niliona na sahani barazani, imefunikwa kawa. Emmy kasema wakati wa Badru ilikuwa hivyo hivyo. Sasa chakula kinamngoja nani? Nimejisikia vibaya. Kama nimevaa kanzu ya marehemu halafu nikapita mbele ya mama yake.

Halafu shuleni, pale karibu na kalvati, Mwalimu Gaudens kanisimamisha. Ndiye mwalimu mkuu, mtu wa bara, anaongea polepole hata akikasirika. Kasema darasa la saba wana mtihani mwezi ujao na nikipita mimi somo linakufa. Kasema kikao cha kijiji kimeshaamua: kuanzia Jumatatu, pikipiki ya kelele inafungwa mnyororo ofisini kwa mtendaji mpaka mtihani uishe.

Mwezi mzima! Tutakula nini?

Basi, sababu mbili. Ekzosi inatoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku nzima uani na spana. Nimevaa bukta, mikono masizi mpaka kwenye viwiko. Raha yangu hiyo, sisemi uongo.

Ekzosi mpya, ya kiwandani, haina tundu. Kabureta nimeisafisha. Mpira unaounganisha kabureta na injini nimeukuta umepasuka, Badru kaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli! Nimetia mpya, nimekaza klipu. Kiki moja tu, ikawaka. Hakuna kho wala nini. Inaunguruma kama cherehani. Nimejisifu mwenyewe, maana nani mwingine wa kunisifu.

Usukani na kiti nimeviacha. Maandishi nimeyaacha.

Ekzosi ya zamani kaichukua shemeji yake Hemedy, Mtoro wa Mbuchi. Anataka bomba la mashine ya boti yake. Nikampa bure, itoke nyumbani.

Sabra kafurahi. Kasema leo mtoto kalala mchana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepita shuleni, Mwalimu Gaudens kaninyooshea dole gumba. Nimepita kwa Bi Mwajabu, hakutoka. Afadhali.

Jumatano, 13 Agosti

Hajatoka. Barazani hakuna sahani. Vizuri — atasahau.

Ijumaa, 15 Agosti

Si vizuri hata kidogo.

Emmy kaniambia njiani. Bi Mwajabu haonekani kula. Zahanati kaja na kizunguzungu, na kila dereva anayempita anamuuliza: siku hizi hapiti? Emmy anaogopa bibi karukwa na akili.

Baada ya swala nimekwenda. Nikazima pikipiki kwa mbali, nikasukuma. Sijui kwa nini, msiba ulishapita.

Kapungua. Nikamwamkia, kaitika marahaba baba, karibu. Nikajikaanga mwenyewe, sikuzunguka: mama, mimi ndiye Zaidi, pikipiki ya Badru ninayo mimi.

Kasema anajua. Tena haya ndiyo maneno yake, nayaandika kama yalivyo:

"Mimi sina wazimu, baba. Mwanangu kalala chumba hicho, katolewa mlango huo, arubaini tumeisoma hapa hapa. Najua kafa. Lakini pikipiki ikaanza kupita tena. Ikipita najua saa ya kula imefika, napakua, nakula. Sasa haipiti. Nakaa tu, naona kumekuchwa."

Nikamwambia inapita kila siku, ila haina kelele. Nimebadilisha ekzosi.

Kauliza ile nyingine nimeitupa wapi.

Nimeona haya. Mtu mzima na ndevu zangu, nimeangalia chini. Nikasema nitaileta.

Jumapili, 17 Agosti

Mbuchi. Njia mchanga mtupu, halafu mtumbwi wa kuvuka, halafu tope la mikoko mpaka kwenye magoti. Mtoro kanikaribisha kwa furaha zote. Kanionyesha boti inavyopiga kazi.

Kaikata. Vipande viwili! Kimoja kipo kwenye mashine, kachomelea, kingine kakifanya mguu wa benchi. Kauliza kwani kuna nini, si nilimpa mwenyewe?

Nilimpa mwenyewe. Nimekunywa chai yake nikarudi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimenunua ekzosi chakavu ya aina ile ile. Nikaikata kwa kukadiria. Nikaipeleka kijiweni niulize matundu yalikuwa mangapi.

Makosa! Hemedy kasema saba. Mwingine kasema tisa, anaapa. Mwingine kasema kumi na moja na yalikuwa juu, si pembeni. Wamegombana mpaka abiria kaondoka na bajaji. Watu tumekaa na ile pikipiki miaka minne kivuli kimoja, hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama akaitazama. Na mimi nikiwemo — pikipiki za msibani nilizihesabu, matundu sikuhesabu.

Nimetoboa tisa. Nikawasha. Wote wakatikisa kichwa. Hemedy kasema: oya, hiyo inalia kama ya muuza barafu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu Gaudens kuomba. Nilimweleza yote, mara moja tu kwa siku, saa sita. Kasikiliza mpaka mwisho. Kavua miwani kaifuta. Kasema anampa pole mama, tena Badru alimbebea vitabu vya shule bure kipindi cha mafuriko, hajasahau. Lakini ana watoto arobaini na mbili wa darasa la saba. Saa sita ndiyo hisabati. Akiruhusu moja, kesho zinakuja kumi, na kila moja ina msiba wake.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kasema ikipita, yeye mwenyewe atamwambia mtendaji. Kanisindikiza mpaka getini, kanipa mkono.

Sabra kauliza nitafanya nini. Sijui. Kasema pikipiki ikifungwa mwezi mzima yeye ataenda kwao Ikwiriri na mtoto, si kwa hasira, kwa sababu huko kuna chakula.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa tatu asubuhi nimefika kwa Bi Mwajabu na ekzosi, drili ya mkono, spana zangu. Nikamwambia: mama, sisi tumeshindwa, sikio unalo wewe.

Katandika mkeka karibu kabisa na pikipiki, kakaa na ungo wake wa mchele anachagua mawe. Kaniuliza natobolea nini. Nikamwonyesha drili. Kaguna. Kaingia ndani, karudi na msumari wa inchi sita, mweusi, ncha imepinda. Badru alikuwa anauchoma jikoni kwa mama yake mpaka unakuwa mwekundu, ndio anatobolea. Badru alipokufa, bibi kaupigilia ukutani, anatundikia kawa.

Basi kumbe upana wa tundu ulikuwa ukutani muda wote.

Nimeziba yangu tisa. Nikaanza upya kwa msumari na nyundo, makaa ya Bi Mwajabu. Nikitoboa moja, nawasha. Yeye anafumba macho. "Bado." Natoboa. "Bado. Yeye alianzia huku chini, alikuwa analala chali hapo hapo ulipo." Nikalala chali. La nne, bado. La sita kaacha kuchagua mchele. La nane kasema mvumo ndio huo. Mvumo ndio huo, lakini siyo.

Kwa nini siyo, mama?

"Haikohoi."

Nikapiga kiki mara kumi. Inawaka safi. Nikaongeza tundu, kakataa, kasema naharibu, niiache kama ilivyokuwa. Nikaliziba. Jasho linanitoka, mkono umeungua, nikataka hata kumwambia mama tosheka. Nikakaa chini.

Hapo ndipo nikakumbuka. Mpira uliopasuka! Tyubu ya baiskeli! Kile kikohozi hakikuwa cha ekzosi hata kidogo. Ilikuwa inavuta hewa pembeni — ulikuwa ubovu. Na mimi ndiye niliyeutengeneza, nikajisifu.

Miaka kumi natengeneza pikipiki, sijawahi kuiharibu moja kwa makusudi. Nimechomoa mpira mpya, nikauchana kwa wembe. Bi Mwajabu kachana ukingo wa kanga kuukuu kanipa nifungie. Klipu nimeilegeza.

Kiki.

Kho. Kho. Halafu ikavuma.

Bi Mwajabu kashika ungo, mchele unamwagika, hajui. Nami sikumwangalia. Niliiangalia klipu.

Kisha kajifuta uso kwa kiganja. Kauliza saa ngapi. Saa sita kasorobo. Kasema nizime, niisukume mpaka kalvati, halafu niwashe kule nije.

Nikamwambia nitapita, nisimame nimsalimie.

"Usisimame. Yeye alikuwa hasimami. Honi tu, na kwenda zake. Kila siku namwambia mwanangu ingia ule, anasema jioni, mama."

Nimefika kalvati. Naandika nimekaa kwenye ukingo wa zege, daftari juu ya tangi. Leo Jumamosi, nilijua shule imefungwa. Si kweli. Darasa la saba wapo, wana kipindi cha ziada, nawaona vichwa dirishani. Mwalimu Gaudens yupo mlangoni na chaki, keshaniona. Ng'ambo ya barabara mtendaji, majaribio yangu ya asubuhi kayasikia, kaleta kiti chake nje ya ofisi. Mnyororo unaning'inia kwenye nguzo nyuma yake.

Naweza kusukuma. Nikisukuma mpaka Kibiti hakuna atakayeniuliza.

Kule nyumba ya nne moshi umekatika. Bi Mwajabu katoka barazani na sahani — nyeupe, naiona mpaka hapa. Kaiweka chini. Kakaa. Hajaifunua kawa.

Adhana. Saa sita na nusu.

Nimepiga kiki. Kho. Kho.