Mkwe Wangu Haniiti Mama

Jumatatu, 5 Mei
Nimeanika karanga. Mvua imeshaaga. Rehema, mke wa mwanangu Daudi, amefua, amenisongea ugali laini kwa sababu ya meno yangu. Kila kitu ananifanyia. Ila haniiti mama. Tangu Daudi amlete hapa Gongoni, mwaka sasa, sijalisikia hilo neno. Asubuhi anapiga goti, "Shikamoo." Basi. Akinihitaji haniiti, anakuja mpaka nilipo ndipo anaongea. Kwa nini? Ananichukia? Mtu anayekuchukia hakulainishii ugali.

Jumanne, 6 Mei
Leo nimemtega. Simu nimeiacha ndani, mimi nikajibanza nyuma ya jiko. Daudi akapiga kutoka Tura, yuko huko na genge la reli. Rehema akatoka nayo, akatazama huku na huku, akapaza sauti, "Jamani, simu!"
Jamani! Kama tuko kumi. Nimecheka peke yangu. Halafu nikaumia.

Alhamisi, 8 Mei
Mama Mchungaji kapita. Jumapili ni Siku ya Mama. Mwaka huu wakwe watasimama mbele, kila mmoja amwite mama mkwe wake "Mama" kwa sauti, amvishe kitenge. Rehema atatangulia. Nimefurahi, nisidanganye. Hapo hana pa kukwepea.
Rehema alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. "Sawa, Mama Mchungaji."
Enhe! Kumbe anaweza. Jirani naye anamwita Mama Shija vizuri tu. Mama yenye jina nyuma inatoka. Mama tupu ndiyo haitoki. Na mimi hawezi kuniita Mama Daudi, mkwe hafanyi hivyo. Nimelala na hilo swali.

Ijumaa, 9 Mei
Rehema hajala tangu jana. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?"
Akakaa chini. Akasema kwao Urambo mama yake mzazi alikuwa akikasirika anamfungia ndani ya bani, wanamokaushia tumbaku, moto unawaka. Mtoto mdogo. Analia, "Mama! Mama!" Na mama yupo palepale mlangoni, anamsikia. Anasuka mkeka.
"Yuko hai mpaka leo," akasema. "Nikilitaja lile neno peke yake nakabwa na moshi. Si wewe."
Si wewe. Nimeosha vyombo ambavyo ni visafi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda kwa Mama Mchungaji kumwomba amtoe Rehema kwenye wale wa kusimama mbele. Mama Shija alikuwepo, domo lake nalo. "Mwenzetu, mkweo amekushinda!" Wakacheka. Sikueleza. Siri si yangu.
Mama Mchungaji akasema amri ya Mungu ni kuheshimu wazazi. Nikamwambia amri haijasema tusimame mbele. Sijui nilitoa wapi huo mdomo, mimi wa darasa la nne. Akauliza, "Na wewe utakaa tu, usivishwe?"
"Nitakaa."
Njiani nimelia kidogo. Kitenge nilikitaka.

Jumapili, 11 Mei
Nilimwambia Rehema abaki nyumbani akipenda. Amekuja. Tumekaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mbele wakwe wanaita, wamama wanalia, vigelegele. Shingo yangu inavutwa huko.
Halafu nikatazama huku tulipo. Fundi baiskeli, mtu mzima na mvi zake, ameinamisha kichwa muda wote. Yule dada ambaye hajajaliwa mtoto ametoka nje mara mbili, kila akirudi amenawa uso. Bila shaka kila mwaka wapo. Mimi nilikuwa nakaa mbele. Ningewaonaje?
Maombi ya mwisho kaongoza Mama Mchungaji. Akasema, Bwana, na wale ambao siku hii ni nzito kwao, unawajua. Hakutazama nyuma. Rehema akanishika mkono, hakuuachia mpaka amina.
Sasa nawaza. Bwana Yesu pale msalabani alimkabidhi Yohana mama ambaye hakumzaa. Yohana akamchukua nyumbani kwake. Je, alikuwa anamwitaje? Sijawahi kusikia ikisomwa. Labda hakuna aliyemuuliza. Labda maji alimtekea, kuni alimpasulia, ikatosha.

Jumatano, 14 Mei
Tumemenya karanga mimi na Rehema tangu asubuhi. Kimya, ila si kile cha zamani.
Mama Shija kachungulia uani. "Haya tuambie, mkweo anakuitaje siku hizi?"
"Ananiita nile," nikamjibu.
Akaondoka anatikisa kichwa. Rehema kacheka mpaka karanga zikamwagika. Maharage yameiva. Naenda.