Baba Kwenye Fomu

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Natandaza kakao kwenye mikeka toka asubuhi. Shemeji Anyelwisye kapita, hakusalimia. Anashikilia kwamba binti yangu Tupo si mtoto wa marehemu kaka yake, hivyo shamba hili la Ipinda si letu. Tangu wanunuzi binafsi waanze kugombania kakao, ndipo kakumbuka kuichunguza sura ya mwanangu. Miaka kumi na tisa! Tunasubiri majibu ya vinasaba kutoka Dar; tulitoa mate mimi na Tupo, na shemeji kama mdogo wa marehemu. Nilikubali mwenyewe. Sina cha kuficha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Majibu yamekuja. Si baba mzazi. Shemeji kayasoma mbele ya ukoo mzima, kwa sauti ya mhubiri. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi nihame. Tupo kalia mpaka macho yamevimba. Mimi sikulia. Ningekuwa na panga karibu ningefungwa.

Najua nililala na nani.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemfuata tabibu aliyetuchukua mate kwa kijiti cha pamba. Kanieleza: nusu ya vinasaba vya mtoto ni ya mama, nusu ya baba. Wanalinganisha sehemu kadhaa, na kila sehemu lazima kipande kimoja kitoke kwa baba. Hivyo hivyo humnasa mbakaji, au hutambua maiti aliyeharibika ziwani.

Kisha kafunua nakala ya fomu. Penye "Baba" pameandikwa Anyelwisye.

Mwandiko wa Tupo. Kwetu mdogo wa baba ni baba, basi, mtoto kaandika alivyolelewa. Dar wakampima kama aliyemzaa! Nimecheka kwa hasira hadi tabibu kaniletea maji. Na shemeji alisaini chini yake. Kusoma anajua, mshenzi yule.

Alhamisi, 16 Oktoba

Marehemu hayupo, basi kapimwa mama yake. Tabibu anasema kuna sehemu ambayo baba huipata kwa mama yake na kumpa binti nzima nzima. Mama mkwe kafungua mdomo mwenyewe. "Chukueni, nimechoka na aibu hii." Kajaza fomu tabibu. Bibi mzaa baba, kwa herufi kubwa. Ukoo umesema nisihame mpaka majibu haya yaje.

Jumatano, 14 Januari 2004

Tupo ni mjukuu wake. Ukoo umesikia. Shamba limebaki letu.

Jioni tulikuwa tunapasua kakao. Shemeji kaja, kasimama pembeni, kamwita "mwanangu". Tupo hakuinua kichwa. Kaendelea kupasua.

Sikumkemea.