Kikohozi cha Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Mfanyakazi wa kike aliyeanguka kazini, kiwanda cha mikate
Jina la shahidi: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini anajulikana kama Fundi Tanuri
Umri: Miaka 54
Kazi: Mchomaji mikate, mwaka wa kumi na tisa sasa
Makazi: Nyumba ya kupanga, nyuma ya soko la mbao
Tarehe: 27 Juni. Muda wa kuanza: saa 5:20 asubuhi

Mimi ndiye mwenye taarifa zilizoandikwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, na aproni bado ninayo kifuani, kwa sababu leo saa nne asubuhi nilipewa karatasi ya uongo niitie sahihi. Nikinyamaza tena nitapasuka. Naomba ofisa anivumilie nikipandisha sauti. Sina ugomvi naye.

Mama aliyeanguka namfahamu. Kiwandani sote tunamwita Shangazi, hata wale wanaomzidi umri. Yeye yupo chumba cha kufungia, meza ya pili, huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Kati ya tanuri langu na chumba hicho kuna dirisha la kupitishia mikate. Kioo chake kilivunjika zamani na hakikurudishwa, kwa hiyo nayaona ya kule na nayasikia.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Jumanne nikiwa na zamu ya mchana, nilimkuta Shangazi kwenye benchi la kliniki ya presha. Kila mmoja wetu alishtuka. Mimi nikasema nimekuja kumwona mgonjwa. Yeye akasema na yeye vilevile. Tukakaa, kila mtu na kadi yake ameificha chini ya paja. Muuguzi akaita jina langu kwa sauti ya kuuza samaki. Shangazi akaniuliza, "Fundi, huyo mgonjwa wako yuko wodi gani?" Nikamjibu, "Wodi ya viatu." Kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu kavipasua kwa wembe pembeni. Tulicheka mpaka tukakaripiwa. Tangu siku hiyo tulikuwa ndugu wa vidonge.

Ofisa ameniuliza kwa nini nilificha. Ni hivi. Miaka miwili iliyopita mkandaji wetu wa unga alipata kizunguzungu kazini, akasema anatumia dawa za presha. Bwana Msimamizi alisema mwenye presha hakai karibu na moto wala mashine. Akapelekwa kufagia uwanja, na kabla mwezi haujaisha akaambiwa uwanja umeshafagiliwa vya kutosha. Mimi ninameza vidonge viwili kwa mwaka wa sita. Kimoja kinanikojoza kama mtoto mchanga. Kingine kimeupunguza mwendo moyo wangu hata ngazi tisa za stoo ya unga nazipanda kwa vituo. Nikiinama na kuinuka haraka dunia inazunguka, kwa hiyo nimejifunza kuinuka huku nimeshika fito la kuchotea mikate, watu wakidhani ni mbwembwe za ufundi. Kuna na mambo mengine ya nyumbani ambayo dawa imeninyima, na hayo sitaki yaandikwe. Ofisa ameniambia ameshayaandika. Basi, yabaki.

Shangazi yeye alibadilishiwa kidonge mwezi wa nne kwa ajili ya ule uvimbe. Miguu ikanywea, akafurahi, akanunua viatu vipya. Baada ya wiki tatu hivi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakina homa, lakini kikimshika hakimwachi mpaka machozi yamtoke. Aliporudi kupimwa, muuguzi alimweleza kwamba wapo watu ambao kidonge kile huwakohoza, na kwamba akiona kimezidi aje siku ya kliniki daktari ambadilishie kingine. Haya aliniambia mwenyewe, palepale dirishani. Kliniki ni Jumanne tu.

Jumanne tarehe 20 Mei aliomba ruhusa. Bwana Msimamizi akamwambia Jumanne ndiyo siku ya mikate ya shule, haondoki mtu. Tarehe 27 Mei akaomba tena, akajibiwa hivyohivyo. Hapo nataka ofisa aandike kwa herufi kubwa kama inaruhusiwa. ALIOMBA. MARA MBILI. MASIKIO YANGU YALIKUWEPO.

Wenzake wa meza ya pili wakaanza yao. Akikohoa, mmoja anasema, "Redio imewashwa." Mwingine anajifunga leso puani. Kikombe chake kikatolewa kabatini kikawekwa nje juu ya ukuta, karibu na dawa ya panya. Wakasema ana kifua kikuu. Jumamosi tarehe 31 Mei alikwenda kupimwa makohozi, yale machache aliyoweza kuyapata. Akarudi na karatasi kwamba hana kifua kikuu. Akampelekea Bwana Msimamizi, ambaye aliisoma na kumrudishia akisema, "Karatasi haikohoi. Anayekohoa ni wewe."

Jumatatu tarehe 2 Juni, saa 1:30 asubuhi, Bwana Msimamizi alitukusanya wote kwenye rafu za kupoozea mikate, watu kumi na tisa. Akamsimamisha Shangazi mbele kama mwizi wa kuku. Akauliza, "Kuna yeyote hapa anayejua kinachomkohoza huyu mama?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa mtu pekee pale anayejua, ukimtoa yeye mwenyewe. Shangazi alinitazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Hakunitaja. Alisema, "Ni dawa ya presha, bwana. Muuguzi kaniambia." Bwana Msimamizi akasema, "Presha iko kwenye damu, mama, haiko kooni." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Aliamriwa atoke chumba cha kufungia, aoshe matrei uwanjani, asiikaribie mikate mpaka kikohozi kiishe. Akapewa siku kumi na nne. Kisipoisha, atafute kwa kwenda.

Siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni alinisubiri getini. Mikono yake ilikuwa imejikunja kwa maji ya baridi. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliniuliza, "Kaka, sasa nifanyeje?"

Nilimjibu. Nitakisema nilichomjibu, lakini naomba nikiseme mwisho, kwa sababu nikikisema hapa sitaweza kuendelea. Ofisa amekubali.

Jumatatu tarehe 16 Juni Shangazi alirudi meza ya pili. Hakuwa anakohoa. Alikaa saa nzima, saa mbili, kimya. Yule wa leso akaivua leso. Yule aliyekitoa kikombe nje akakileta ndani, amekiosha kwa sabuni, akamkumbatia. Wakapiga makofi. Bwana Msimamizi alikuja kusimama mlangoni akasema, "Mnaona? Mtu akibanwa anapona." Shangazi alicheka kwa furaha, na mimi kwenye tanuri langu nilipumua nikajiona mganga.

Kuanzia Alhamisi ile nilimwona anajikandakanda kisogo. Ijumaa alilalamika kwamba mwanga wa taa unamchoma macho. Nilimwita dirishani nikamwambia, "Shangazi, rudia dawa." Akasema, "Nirudie dawa, nirudie na matrei? Jumanne nakwenda kubadilishiwa, nitavumilia." Jumatatu tarehe 23 aliomba ruhusa ya Jumanne. Bwana Msimamizi alimjibu mbele ya meza nzima, "Si umeshapona? Kliniki ya nini tena?"

Watu hunisema nina hasira za karibu. Siku hiyo hasira hazikuja. Ningekuwa mwanamume wa kweli ningepita pale dirishani nikamjibu. Niligeuka nikaendelea kuchota mikate.

Jumatano tarehe 25 Juni, saa 3:40 asubuhi, nilikuwa natoa mkupuo wa tatu. Nilisikia mikate inaanguka. Nilipotazama, Shangazi alikuwa ameshika mfuko kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaning'inia. Bwana Msimamizi akapaza sauti, "Shangazi, mikate hiyo!" Alijaribu kuinama kuiokota. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Akadondoka, kichwa kikapiga gurudumu la toroli.

Nilipita dirishani. Sijui nilipitaje na tumbo hili. Nilimpakata kichwa, damu na unga vikachanganyika kwenye mikono yangu. Alikuwa ananitazama na anataka kusema neno, na neno halitoki. Sasa ofisa aandike maneno ya kwanza ya Bwana Msimamizi. Hakuuliza mama ana nini, wala hakuagiza gari. Aliuliza, "Tanuri kamwachia nani?" Mikate arobaini iliungua siku hiyo, na ameitaja kwenye taarifa yake kabla ya kumtaja Shangazi. Iungue tu. Na mingine iungue.

Tulimpeleka kwa gari la kusambazia mikate, mimi na dereva, na Bwana Msimamizi akafuata nyuma. Hospitali, daktari aliuliza anatumia dawa gani na ameiacha lini. Bwana Msimamizi alijibu, "Hatujui. Hakutuambia kitu." Alipotoka kupokea simu, nilimwambia daktari jina la kidonge na kwamba ameacha tangu tarehe 2. Daktari akaniuliza nimejuaje. Nilisema nimesikia kwa watu.

Daktari alieleza ni kiharusi. Alieleza pia kwamba kumbadilishia kidonge kile kingekuwa kazi ya dakika tano, kwamba wanaokohozwa nacho huwaona kila wiki na huwapa kingine. Dakika tano. Shangazi ameomba Jumanne tatu.

Jana saa kumi jioni nilikwenda wodini. Hasemi, na upande wa kulia hauchezi. Bintiye alikuwa anamlisha uji kwa kijiko kidogo, nusu unaingia, nusu anamfuta. Aliniita kando akaniuliza, "Mjomba, mama hakuwa mtu wa kuacha dawa. Alikuwa anaweka na saa imuamshe. Nani alimwambia aache?" Nilimwambia sijui.

Leo asubuhi kwenye ubao wa matangazo tumekuta karatasi. Juu imeandikwa, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Chini imeandikwa kwamba kiwanda hakihusiki na mfanyakazi aliyeficha ugonjwa wake, na kwamba sisi tuliotia sahihi hatukuwahi kujua kwamba mama huyo ana presha wala kwamba anatumia dawa. Watu wale wale waliomsikia kwa masikio yao kwenye rafu akisema ni dawa ya presha! Waliomcheka! Niliwahesabu, sahihi kumi na sita zilikuwa zimeshawekwa, ya yule wa leso ikiwa ya kwanza. Bwana Msimamizi alinipa kalamu akasema, "Fundi, malizia tufanye kazi." Niliiweka kalamu mezani nikatoka. Tanuri nimeliacha linawaka, ajue mwenyewe nani kaachiwa.

Sasa nasema nililoomba kulisema mwisho.

Tarehe 2 Juni getini, Shangazi aliponiuliza afanyeje, nilimwambia, "Kiache hicho kidonge kwanza, wiki mbili tatu, mpaka huyu bwana atulie. Mimi mwenyewe huwa naruka kukiwa na oda kubwa, na mbona niko mzima." Aliniuliza mara mbili, "Kweli, kaka? Hakuna shida?" Nikamwambia hakuna shida. Nilikuwa naruka kweli, na kwa kuwa sikufa nilidhani bahati yangu ni elimu. Aliniamini kwa sababu mimi ni mkubwa wa vidonge kuliko yeye. Na nilimwambia hivyo ili mambo yapoe, asije akabanwa mpaka akanitaja.

Bwana Msimamizi nimemsema na sirudi nyuma hata herufi moja. Lakini mtu aliyemwambia mama yule aache dawa ni mimi, na naomba bintiye asomewe sehemu hii kabla hajaniona tena, nikija asiniite mjomba kwa kutojua. Na kwenye jalada iandikwe kwamba Shangazi hakuficha kitu. Alisema mbele ya watu kumi na tisa. Pale kiwandani aliyeficha ugonjwa ni mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyatenda. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, na ni sawa na nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea kwa lugha anayoielewa. Nilimweleza kuwa baadhi ya maneno yake yanamgusa yeye mwenyewe na nikamuuliza kama anataka kuyapunguza. Alikataa. Yamekamilika saa 7:45 mchana. Shahidi aliondoka kituoni saa 7:50, akisema anakwenda wodini na hatangoja bintiye asomewe.